Pasi ya mkono au ya mguu kwenye mpira wa Kigaeli? Mguu haukufa, ulikosa wa kumpigia

Mtanga_wa_Tralee

Wakuu heshima kwenu. Huu uzi ni wa wanaofuatilia mpira wa Kigaeli, ule wa Ayalandi wa watu 15 kila upande, unadaka kwa mikono unapiga kwa mguu, milingoti ya goli imesimama kama herufi H. Najua humu tupo kadhaa tunaoishi huku na wengine mnaangalia klipu mkiwa Dar au Mombasa. Kuna ubishi mmoja hauishi, timu isogeze mpira kwa pasi za mkono au za mguu, na mimi naishi kaunti ya Kerry ambako hilo swali linajadiliwa mpaka msibani.

Naweka msimamo wangu mapema tusizungushane. Wazee wa huku wanasema pasi ya mguu iliuliwa na makocha waoga na vijana wasiojua kupiga. Mi nakataa. Pasi ya mguu inaanzia kwa anayepokea. Kama mbele hakuna mtu aliyejitenga na beki wake, hakuna uwanja wa kumuwekea mpira, hata umlete fundi gani wa kupiga ataishia kugeuka pembeni na kutoa mkono. Kilichokufa ni nafasi, mguu ukafuata.

Kwa wageni kidogo tu. Mpira ukiwa mkononi una hatua nne, baada ya hapo lazima udundishe chini au ujipigie kwa ncha ya mguu urudi mkononi, hiyo ndo solo, na huruhusiwi kudundisha mara mbili mfululizo. Kumpa mwenzako una njia mbili. Unaugonga kwa ngumi au kiganja, na refa lazima auone huo mkono umegonga, ukiurusha tu ni faulo. Au unauachia na kuupiga kwa mguu. Juu ya mtambaa panya ni pointi moja, wavuni ni goli, yaani pointi tatu, na toka 2025 ukipiga ukiwa nje ya tao la mita 40, ule mstari uliopinda mbele ya goli, ukapita juu unapewa mbili. Ndo maana matokeo yanasomeka 1-26, goli moja na pointi 26.

Sasa pasi ya mkono inaenda mita tano, kumi, ukijitahidi sana kumi na tano. Ya mguu inaenda 20, 40, hata zaidi. Na uwanja wenyewe ni mkubwa kuliko wa soka, urefu mita 130 mpaka 145, upana 80 mpaka 90. Kwenye eneo kama hilo mpira uliopigwa unamzidi mbio binadamu yeyote, beki hajageuka mpira ushatua. Huo ndo utamu wenyewe, na ndo maana wazee wa hapa wakimtaja Mick O'Connell wa kisiwa cha Valentia, nahodha wa Kerry mwaka 1959, sauti zao zinabadilika kabisa.

Ila turudi Agosti 2011, Croke Park, uwanja mkuu wa mchezo huu mjini Dublin, nusu fainali ya Ayalandi nzima, kaunti ya Dublin na ya Donegal. Donegal ya kocha Jim McGuinness ilipaki basi, na lile basi lilijaa, karibu timu nzima ipo nyuma ya mpira. Ikaisha Dublin 0-8, Donegal 0-6. Pointi 14 kwa dakika 70, nusu fainali hiyo! Sasa jiweke kwenye viatu vya kiungo wa Dublin, umeshika mpira katikati, unainua kichwa, unaona mwenzako mmoja amezungukwa na mabeki watatu na nyuma yao kuna wengine wanasubiri. Unampigia nani? Ukipiga mguu pale umetoa zawadi, wanaunyakua wanatoka mbio na watu wako wote wameshapanda. Kwahiyo unagonga pembeni kwa mkono, mwenzako anagonga kwa mwingine, mnazunguka tao mkitafuta kichochoro. Yule mchezaji hakuwa mwoga, alikuwa anapiga hesabu na hesabu yake ilikuwa sahihi.

Baada ya pale kila kaunti ikaiga. Watu wakafika mahali wanaangalia mechi dakika nzima mpira unazunguka mkono kwa mkono mita 45 kutoka golini na hakuna anayekabwa wala anayekaba. Fainali ya 2024 Armagh 1-11, Galway 0-13, mechi ya roho juu mpaka mwisho nakubali, lakini nafasi uwanjani ilikuwa finyu kweli.

Nipeni maoni, nipo nasoma.

Ngosha_wa_Kirumba

Mkuu asante kwa kutuelewesha, mi nilikuwa naona klipu tu sielewi kwanini mtu anadundisha mpira kama kikapu alafu anapiga shuti. Swali langu dogo: si waweke tu sheria, pasi za mkono mwisho tatu, ya nne lazima mguu? Mbona rahisi.

Binti_Kisauni

Salaam aleikum nyote. Kaka yangu wa Tralee, nimesoma mwanzo hadi mwisho, na mimi nakaa Letterkenny, Donegal hiyo hiyo ulotutia mdomoni, kwa hivyo wacha nkujibu kwa adabu lakini nkujibu.

Kwanza nyinyi watu wa Kerry mwajifanya pasi ya mkono ililetwa na sisi watu wa kaskazini. Kerry ya kocha Mick O'Dwyer, ile ya mwisho wa miaka ya sabini, ilikuwa yaigonga kwa mkono vizuri kuliko mtu yeyote. Zama hizo ilikuwa ruhusa hata kutia goli kwa kuugonga mpira ulioushika mkononi, mpaka mwanzo wa miaka ya themanini ndo wakaizuia, pointi ndo yaruhusiwa hadi leo. Na kabla ya hapo kuna Antrim ya 1946, vijana wa Belfast na vitongoji vyake waliochukua ubingwa wa Ulster, jimbo la kaskazini, kwa pasi za mkono, watu wakashangaa, kisha nani akawatoa nusu fainali? Kerry. Baadaye hiyo pasi ikapigwa marufuku miaka na miaka, ikaja ikarudishwa miaka ya sabini. Kwa hivyo huu ugomvi ni wa tangu babu zetu, si McGuinness alouanza.

Pili, mwaiongelea pasi ya mkono kana kwamba haina ufundi. Hebu shika mpira uje mbio, beki akujie kwa bega, umvute mpaka hatua ya mwisho kabisa, na wakati huo huo mwenzako atoka nyuma yako kwa kasi upande ambao beki haoni, umpe mpira kwenye mkono wake bila ye kupunguza mwendo. Ukimpa mapema nusu sekunde beki amrudia yeye, ukichelewa nusu sekunde washagongwa. Huo ufundi watu wafanya mazoezi miezi na miezi. Uso wa pasi ni mfupi lakini nyuma yake kuna mbio za watu watano.

Tatu, watu wasema sheria mpya za 2025 zimeurudisha mguu. Mwaka 2025 Donegal imechukua Ulster na imefika fainali ya Ayalandi kwa mchezo wa kukimbia na mpira na kugonga mkono. Nusu fainali twawafunga Meath 3-26 kwa 0-15. Wallahi ile timu yaja kama wimbi, ukimzuia mmoja wawili washapita.

Mtanga_wa_Tralee

Dada Binti_Kisauni heshima, nilijua Donegal lazima ijibu. Kuhusu O'Dwyer nakupa haki yako yote, na hilo linanisaidia mimi: Kerry ile iligonga mkono kwa sababu mbele kulikuwa na nafasi ya kukimbilia, siyo kwa sababu hakukuwa na nafasi. Kwenye ufundi pia sina ubishi na we. Niliandika hapo juu kwamba pasi ya mkono ni hesabu sahihi kwenye uwanja uliojaa, sikusema ni ya hovyo. Fainali ntakuja.

Kwanza nimjibu Ngosha maana swali lake zuri na lilishafanyiwa kazi. Mkuu hiyo sheria yako waliijaribu hasa hasa kama ulivyosema, mashindano ya kujiandaa na msimu, Disemba 2018 na Januari 2019. Mwisho tatu mfululizo kwa mkono, baada ya hapo mguu. Januari hiyo hiyo baraza kuu la GAA, chama kinachosimamia mchezo huu, likaiondoa kabla ligi haijaanza, tena kura zilikaribiana sana. Wachezaji wengi hawakuitaka, makocha hawakuitaka.

Na ukikaa ukaifikiria utaona kwanini. Ukimwambia mchezaji pasi ya nne lazima mguu na mbele bado kuna ukuta wa watu kumi na tatu, atafanya nini? Atapiga mguu mita kumi na tano kurudi nyuma, hesabu inaanza upya, mkono mkono mkono, mguu nyuma tena. Umepata pasi ya mguu kwenye karatasi ila mchezo haujasogea. Alafu kuna hiyo anayoisema Binti, mtu kakata ngome kwa mbio, wamebaki wawili dhidi ya beki mmoja, pasi ya nne ya mkono ni goli, we unamwambia haruhusiwi. Unakuwa umeua shambulizi ili kuokoa shambulizi. Refa naye ahesabu pasi, ahesabu hatua, aangalie jezi inavutwa wapi. Ile sheria ilimbana anayetoa mpira wakati tatizo lilikuwa kwa anayepokea.

Ndo maana kamati ya Jim Gavin, iliyoandika hizo sheria mpya, naipa maua yake. Huyu ni yule aliyeifundisha Dublin ikachukua 2013 na kisha mitano mfululizo 2015 mpaka 2019, kwahiyo ni mtu aliyeujua mchezo wa kumiliki mpira kuliko wote. Walivyokaa hawakugusa idadi ya pasi za mkono hata kidogo. Wakabadilisha ardhi. Muda wote kila timu iwe na watu wasiopungua watatu kwenye nusu ya wapinzani. Goli kiki lazima ivuke tao la mita 40. Kipa aliyeko nusu yake huwezi tena kumrudishia mpira ovyo kama mtu wa ziada. Ukipigwa faulo unaruhusiwa kujipigia solo na kuendelea hapo hapo bila kusubiri ukuta urudi. Na zile pointi mbili za mbali, ambazo zinamlazimisha beki atoke nje kukaba, akitoka anaacha uwazi nyuma yake. Mkutano maalum ulipitisha mwisho wa Novemba 2024, zikachezewa msimu mzima wa 2025, na Oktoba 2025 zikafanywa za kudumu.

Angalia hapo, hakuna hata moja inayosema "piga mguu". Zote zinasema "acheni nafasi".

Msela_wa_Githurai

Hii uzi iko moto. Mimi ni mtu wa soka na naona hii story ni ile ya gonga dhidi ya butua. Barca wakigonga pasi fupi watu walisema ni soka ya hali ya juu, mbona huku pasi fupi ni dhambi? Ama ni juu wazee hawapendi kitu mpya. Na nikiuliza pia, si Waaustralia wako na mchezo kama huu? Wao walifanya nini?

Mtanga_wa_Tralee

Mkuu tofauti ni hii. Soka mpira upo chini, ukigonga pasi fupi mpinzani anaweza kuutia mguu wakati wowote, presha ipo kila sekunde, ndo maana ile gonga ya Barca ilikuwa ya kusisimua. Huku mpira upo mkononi. Kumnyang'anya mtu mpira aliouficha kifuani ni kazi ngumu mno, unaruhusiwa kuupiga mpira kwa kiganja wazi na bega kwa bega, kumshika hairuhusiwi. Kwahiyo timu ikiamua kugonga mkono bila haraka huna njia halali ya kuwasumbua sana, na wewe mkabaji ukishajua hivyo unaona bora urudi ukajaze eneo lako. Mmoja hasumbui na mwingine hasogei. Uchoshi ulizaliwa hapo, kwenye mapatano ya kimyakimya ya pande mbili.

Australia ndiyo, wana mchezo wao wa mpira wa yai, uwanja mkubwa nao wa umbo la yai, na wao pia wana mkono na mguu. Mkono wao unashika mpira kwa kiganja kimoja unaupiga ngumi kwa kingine. Lakini wao wana maki: ukidaka safi mpira wa mguu uliosafiri mita 15 au zaidi, mchezo unasimama kwa ajili yako, unapiga bila bughudha. Yaani anayepokea analipwa. Mtu akijua akidaka analindwa, anajitenga, anaomba, anaruka. Na huku Ayalandi wakaanza kuchukua kidogo kidogo, maki ya goli kiki ikaingia 2017, alafu ya fowadi anayedaka karibu na goli ikaja 2020. Kijana wa Kerry, Tadhg Kennelly, alichukua ubingwa wa Australia na Sydney Swans 2005 alafu akarudi nyumbani akachukua wa Ayalandi 2009, kwahiyo hii michezo miwili inapeana.

Mjomba_Drumcondra

Vijana nimekaa Dublin muda mrefu, karibu na Croke Park kabisa, siku ya mechi napata kelele bila tiketi. Mnaongea mguu na mkono mnamsahau aliyebadilisha kila kitu, Stephen Cluxton, kipa. Kabla yake goli kiki ilikuwa kipa anaupiga juu mbali watu nane wanagombania. Cluxton akaifanya kuwa pasi. Anamuwekea mtu kifuani akiwa anakimbia kwenda pembeni, mita 30, 40, sekunde tatu tu baada ya mpira kutoka. Hiyo ni pasi ya mguu! Tena bora kuliko zote. Na timu yake ndiyo ikawa bingwa wa kumiliki kwa mkono baada ya hapo. Kwahiyo msitenganishe sana. Pasi ya mguu ya kwanza ndiyo inalipia pasi za mkono zinazofuata.

Na wengine waliomwiga bila kuwa na mguu wake wakalia. Fainali ya 2014, Kerry na Donegal, kipa wa Donegal Paul Durcan anatoa goli kiki fupi, inaenda moja kwa moja kwa Kieran Donaghy, goli. Ikaisha Kerry 2-9, Donegal 0-12. Pole binti yangu wa Letterkenny kwa kukumbusha.

Binti_Kisauni

Mjomba shikamoo. Hiyo ya Durcan nyumbani kwangu haitajwi meza ya chakula. Lakini umesema kweli na umenipa na mimi la kusema: ile ilikuwa pasi ya mguu, na ndo ilotuua. Mngekuwa mwaona vile Donaghy alivyojipanga, alijifanya hana habari.

Mtanga_wa_Tralee

Mjomba shikamoo, na hiyo ya Cluxton nakubali mia kwa mia, niliiacha kwa kuogopa uzi kuwa mrefu.

Sasa Donaghy ametajwa, wacha niseme juu yake maana yeye ndo ushahidi wangu mkubwa. Huyu bwana alikuwa mtu wa kikapu, mrefu, kiungo. Mwaka 2006 Kerry inayumba, wakampeleka mbele kabisa karibu na goli. Hakuna mchezaji wa kati aliyejifunza kupiga upya wiki ile. Miguu ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni kwamba ghafla kule mbele kuna mtu ambaye ukimtupia mpira wa juu anaudaka, na pembeni yake kuna fowadi Colm Cooper anasubiri makombo. Mipira mirefu ambayo wiki mbili nyuma ilikuwa ujinga ikawa mbinu ya ubingwa. Fainali Mayo walikula 4-15 kwa 3-5. Mpokeaji mmoja aliwafanya wapigaji watano waonekane mafundi.

Na dada Binti, siyo Kerry peke yake. Fainali ya 2012, ubingwa wenu chini ya McGuinness, Donegal 2-11, Mayo 0-13. Goli la kwanza lilifungwaje? Dakika za mwanzo kabisa Karl Lacey anapiga mpira mrefu wa juu kuelekea goli, Michael Murphy anaudaka mbele ya beki, anageuka, anapasua wavu. Timu ambayo dunia nzima ilisema inajua mkono tu, siku kubwa kuliko zote ilifungua kwa mguu, kwa sababu walijua wana Murphy na walijua kwa dakika hizo amebaki na beki mmoja. McGuinness hakuwahi kuuchukia mguu. Aliuchukia mpira unaopigwa kwa mtu asiyekuwepo.

Sasa fainali ya 2025 niliyoahidi. Kerry 1-26, Donegal 0-19. Kabla sijaendelea niseme ukweli, usilinganishe hizo namba na za 2024 moja kwa moja maana kuna pointi mbili mbili humo ndani zinavimbisha. Lakini angalia mchezo wenyewe. Donegal walirudi kulinda eneo, kama kawaida yao, Kerry wakawa wanapata nafasi kwenye tao na mafowadi kina David Clifford wanapiga kutoka mbali. Na Kerry hawakuacha mkono hata kidogo! Waligonga sana, wakihamisha mpira upande hadi upande wakimsubiri Clifford ajitenge. Walipogonga walikuwa wanatafuta mguu. Wimbi la Donegal lilipokuja Kerry waliwasubiri na kuwapunguza mwendo, ukishampunguza mwendo mkimbiaji pasi ya mkono inakuwa ya pembeni, na ya pembeni haiumi mtu.

Mechi nyingine ya kuangalia ni robo fainali, Kerry na Armagh waliokuwa mabingwa watetezi. Kipindi cha pili Kerry walifunga pointi 14 mfululizo Armagh hawajajibu hata moja. Kumi na nne! Zilitoka wapi? Goli kiki. Kipa hawezi tena kuianza fupi, lazima avushe tao, Kerry wakajaza pale wanashinda kila mpira unaotua, na hapo ngome haijajipanga, unapiga mguu mmoja tu mbele au unakimbia moja kwa moja. Ndo raha ya sheria mpya, mpira wa kugombania umerudi hewani.

Ngosha_wa_Kirumba

Nimeanza kuelewa aisee. Kwahiyo mkuu kwa sasa tatizo limeisha? Maana umeshasema nafasi imerudi.

Mtanga_wa_Tralee

Halijaisha mkuu, na hili ndo linaniuma kuliko yote, naomba mnivumilie hapa.

Nafasi imerudi ila kuna kizazi kizima kimekua bila kuitumia. Mtoto aliyeanza mpira 2011 ana miaka ishirini na kitu sasa, amelelewa kwenye kupaki basi. Nasaidia watoto wa klabu moja huku, chini ya miaka 12, naona kila wiki. Mtoto akipiga pasi ya mguu ikachukuliwa, pembeni utasikia "weka mkononi! weka mkononi!" kutoka kwa watu wazima, wakiwemo makocha. Mtoto mwingine akigonga mkono pembeni mara sita bila kusogea hata mita, hakuna anayesema kitu, maana mpira haujapotea. Mtoto siyo mjinga, anajifunza haraka sana kitu gani kinamletea makelele. Ndani ya mwezi hapigi tena.

Na mazoezi yenyewe. Unakuta mistari miwili imesimama, huyu anapiga, yule amesimama anadaka, zamu inayofuata. Wewe umewahi kuona kwenye mechi mtu amesimama wima anakusubiri bila beki? Pasi ya mguu ya kweli ni kumpigia mtu anayekimbia, tena anayekimbia kukukimbia wewe au kukata kona, na mpira unatakiwa utue mbele yake upande ambao beki hayupo, udunde umfuate kifuani. Hiyo haifundishwi kwenye mistari. Inafundishwa kwa kuwaweka watatu kwa watatu kwenye eneo kubwa na kumwambia fowadi yeye ndo ana kazi ya kwanza: mbio moja ya uongo kumvuta beki, alafu mbio ya kweli. Mpigaji anasoma ile ya pili. Ukifanya hivyo hata bila kuwaambia "pigeni mguu" wanapiga wenyewe, kwa sababu wanaona mtu yupo huru.

Kingine ni mguu wa pili. Mtu mwenye mguu wa kulia tu beki mzuri anamfunga kirahisi, anasimama upande wa kulia kwake basi, njia pekee iliyobaki ni mkono. Nusu ya pasi za mkono ninazoziona kwa watoto ni kwa sababu mpira umewaangukia kushoto. Mvua ya huku nayo haisaidii, Januari na Februari mpira umelowa, mzito, unateleza, ndo wakati makocha wanasema tuwe salama. Sasa usipoupiga ukiwa umelowa utaupiga lini, mvua ndo nchi yenyewe hii.

Binti_Kisauni

Kaka hapo umenigusa. Mimi nacheza timu ya akina mama, mchezo wa kujifurahisha tu, na kwa wanawake sheria ni tofauti kidogo, twaruhusiwa kuuokota mpira chini kwa mkono moja kwa moja, na kugongana kwa bega hakuruhusiwi. Kwa hivyo mtu akija na mbio kumzuia ni vigumu zaidi kuliko kwa wanaume, na ndo wengi wetu twaona heri tukimbie tugonge. Lakini kuna dada mmoja kwetu ana mguu wa kushoto, akiupata mpira wote mbele twaanza kukimbia kabla hajainua kichwa. Hatujaambiwa na mtu. Twajua ataupiga. Kwa hivyo nami nkuulize: wasema pasi yaanzia kwa mpokeaji, lakini mpokeaji naye akimbia kwa sababu amemwamini mpigaji. Ni nani wa kwanza hapo?

Mjomba_Drumcondra

Swali hilo binti yangu. Mjibu, Mtanga.

Mtanga_wa_Tralee

Dada umenibana kweli, ila nina jibu. Kwa watu wazima kama timu yenu wanaenda pamoja, siwezi kukataa, yule dada wa kushoto amewazoesha. Lakini mazoea hayo yalianza siku moja mtu alipokimbia bila uhakika na mpira ukaja. Ukiwa na fowadi anayekimbia mara kumi akapewa mara moja, akakimbia tena ya kumi na moja, hapo una timu ya mguu. Fowadi akikimbia mara tatu hajapewa akasimama mikono kiunoni, hata mpigaji awe nani ataacha kuangalia mbele. Ndo maana watoto wangu nawasifia mbio kabla ya pasi. Mpira ukipotea kwa pasi nzuri ya wazo zuri napiga makofi, wazazi wananiangalia, mi naendelea kupiga.

Na mechi ijayo mkiangalia, Ngosha na Msela wa Githurai, jaribuni hivi: dakika kumi za kwanza msiuangalie mpira kabisa. Waangalieni wale watatu wa mbele, wanakimbia au wamesimama? Mkiwaona wanahangaika, wanabadilishana, wanavuta mabeki kwenda pembeni na bado timu yao inagonga mkono tu huko nyuma, njooni hapa mniambie tumlaumu mpigaji. Nami ntakuwa wa kwanza kumlaumu.

Msela_wa_Githurai

Sawa mkuu, ligi ikianza nitakuwa hapa na ripoti. Na nitahesabu hizo mbio.